Chumba Kipya cha Wazazi

Kila mapumziko ya chai, mama mfagizi wa zahanati alikwenda nyuma ya wodi ya wazazi kutazama upanuzi unavyoendelea. Mafundi walimzoea, wakambandika jina la Mkaguzi. Kitinda mimba wake alimzaa papo hapo zahanati, kwenye benchi la ukumbini, maana vitandani wajawazito walikuwa wamelala mzungu wa nne.

Siku paa lilipokamilika, fundi mkuu alimwita. "Mama Mkaguzi, karibu ndani uone."

Aliingia taratibu, akanyoosha mikono, akajizungusha. Hakugusa ukuta.

"Umeridhika?" fundi akauliza.

"Nimeridhika, baba. Ila kwa ukubwa huu, kufagia nitakoma."

Wakacheka wote. Naye akachukua ufagio, akaanza kuondoa vumbi la saruji bila kutumwa na mtu.