Marehemu wa Kukodi

Maiti wa kwanza niliyemlilia kwa malipo hakuwa na jina. Nikampa la baba yangu, Rodelio, aliyetukimbia nikiwa mdogo.

Msinishangae. Kwetu Tondo, hapa Manila, polisi hawasumbui karata za msibani, maana sehemu ya pesa za kamari wanapewa wafiwa. Wajanja kama Mzee Dencio wakaona isiwe tabu. Wanachukua maiti asiye na ndugu mochwari, wanamlaza kwenye jeneza la kioo, meza zinapangwa.

Kinachokosekana ni mfiwa. Ndipo nikaitwa mimi.

Nilikuwa nafua nguo za watu, mikono imechubuka, kichwani nawaza kitu kimoja tu: kuigiza kwenye runinga. Na Dencio alikuwa na shemeji anayetengeneza tamthilia.

"Lia vizuri, Minda. Shemeji atapita hapa. Akikukubali, umetoka kimaisha."

"Na marehemu je?"

"Marehemu ana neno gani? We lia!"

Nikalia. Marehemu alikuwa mtu mzima, sikio la kushoto limekatika kipande. Nilimkumbuka baba, nikakumbatia kile kioo, nikapiga ukunga: "Baba, kwa nini ulituacha?"

Wacheza kamari waliweka karata chini. Kuna jibaba moja lilijifuta macho, nalo lilikuwa linaliwa vibaya.

Siku ya tatu, mchana, akaingia mama mwembamba, kashika mfuko wenye shati la kiume lililopigwa pasi. Akasogea kwenye jeneza, akalitazama lile sikio.

Hakulia. Akanigeukia.

"Wewe ni binti yake?"

Dencio alinikazia macho. Shemeji yake alikuwa kakaa nyuma, ananipima.

"Ndiyo, mama."

"Wa kumzaa?"

"Wa kumzaa."

Akatikisa kichwa polepole, akaliweka shati juu ya jeneza, akatoka.

Nikamkimbilia mpaka barabarani huku nalia.

"Mama, nimedanganya! Simjui yule. Nimekodiwa kulia!"

Akanishika shavu kwa huruma. Jamani, bora angenizaba kofi.

"Usihangaike kunifariji, mwanangu. Mimi ni mke wake, nimetoka kisiwani Samar kumtafuta. Mochwari wameniambia kachukuliwa na binti yake. Kumbe huku ana familia, na hata jina alibadilisha, nimeliona kwenye jeneza."

"Jina nimelitunga mimi!"

"Nimekusikia toka nje ukimlilia. Machozi yale hayakodiwi."

Gari likaja, akapanda. Hata jina lake sikuuliza.

Nilirudi mbio, nikamwambia Dencio maiti ana mwenyewe, apelekwe kwao. Akacheka mpaka akakohoa. Shemeji yake akanishika bega: "Wiki ijayo njoo studio."

Nilienda.

Yule bwana tulimzika na shati lile, kwa jina la baba yangu.

Leo mnanijua. Mnaniandikia kwamba nawaliza sebuleni kwenu, na kweli kulia naweza. Lakini kila taa za studio zikiwaka, namwona yule mama huko Samar, mbele ya runinga ya jirani, ananinyooshea kidole: "Yule hapo. Ndiye mtoto mume wangu aliyemzaa nje."

Naogopa sana kwamba yupo, na kwamba ananitazama.

Nyie mnaohangaika kutoka kimaisha, siwahukumu, njaa naijua. Ila kilio chenu msikiuze. Nilikiuza changu, na siku niliyosema ukweli huku nalia, mtu pekee niliyetaka aniamini alinionea huruma, akaenda zake.