Aliyeshika Shuka

Kuna adhuhuri moja ya Garissa, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu sitaisahau. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limeuacha utosi, mchanga wa uani ulichoma hadi ndani ya ndala, na babu yako Abdullahi, wakati huo kijana mwembamba mwenye masharubu ya kuhesabika, alikuwa anaondoka. Alikuwa amepata kazi Uarabuni. Lori la mbuzi lililokuwa likienda Nairobi ndilo lingembeba, na dereva alishasema hangoji mtu. Mimi nilikuwa bado bi harusi, nikiwaonea haya watu wa nyumba ile kiasi cha kushindwa hata kuomba chumvi.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Hooyo, yaani mama kwa Kisomali, alitaka picha moja ya familia ambayo mwanawe angeondoka nayo. Akaitwa mpiga picha wa mjini, kijana wa Mwingi aitwaye Mutua, mwenye kamera shingoni na maneno mengi mdomoni. Chumbani mlikuwa na giza, kwa hiyo akatupanga uani, nyuso zote zikitazama jua. Alisema ndivyo alivyofundishwa, jua liwe mgongoni kwa mpiga picha. Mgongo wake ulistarehe kweli. Sisi tulikunja nyuso kama watu walioonja ndimu. Hooyo alikuwa ameanza kuwa na mtoto wa jicho, na machozi yakawa yanamchuruzika huku Mutua akimsihi, "Mama, fungua macho. Mama, usilie."

"Silii," Hooyo akamjibu. "Hii jua nakula macho yangu."

Nikakimbilia ndani nikatoa shuka jeupe la kitandani. Ncha mbili nikazifunga kwenye ua wa miti, na mbili zilizobaki nikazishika juu kwa mikono, maana upepo ule ungelipeperusha hadi Mto Tana. Papo hapo nyuso zikalainika. Mwanga uliopenya shuka ulikuwa mpole, na Hooyo akafumbua macho. Mutua akafurahi kana kwamba shuka alilileta yeye. "Hapo hapo! Mtu asisonge!"

Nikaanza kujisifu moyoni. Nikajiambia mke mwema ndiye huyu, anayewapa wenzake kivuli. Lakini wewe ni damu yangu, kwa hiyo nitakwambia ukweli: nilitamani mno kuwa kwenye picha ile. Nilitaka akifika huko ugenini aniangalie. Naye Abdullahi alinitupia jicho mara moja, akainama. Kwetu mwanamume hamtaji mkewe mbele ya mama yake, sembuse kumwomba aje asimame kando yake. Yeye akanyamaza kwa heshima, mimi nikanyamaza kwa haya, na wahenga walisema mficha uchi hazai.

Huko nje honi ikalia.

Hooyo akainua mkono. "Wewe ya bicha, ngoja. Kaltuma iko wapi?"

"Niko hapa, Hooyo. Nimeshika shuka."

"Nauliza kwa bicha. Kwa bicha iko wapi?"

Mutua akamweleza kwamba nikiingia mimi, shuka litaanguka na jua litarudi. Hilo lilikuwa kweli, hata mimi niliona hivyo. Honi ikalia tena, ndefu zaidi. Hooyo akageuza kichwa kule sauti ilikotoka, kisha akasema, "Niitie huyo ya honi."

Dereva akaingia akitokwa jasho, analalamika kwamba mbuzi wake watakufa kwa joto. Hooyo akamwacha amalize.

"Mbuzi yako tutamwagia maji," akamwambia. "Sasa shika hii shuka. Kijana yangu naenda mbali. Bibi yake akikosa kwa bicha, huyu atarudi kwa nani?"

Abdullahi alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu. Dereva, mtu mzima mwenye kitambi chake, akapokea ncha za shuka. Hooyo akanivuta nikasimama ubavuni mwa mwanawe, akaninong'oneza kwa Kisomali: "Binti yangu, kutumikia watu si kujifuta. Mbona hukusema mikono imechoka?"

Abdullahi alikaa huko miaka mingi kuliko tulivyopanga. Hooyo alifariki kabla hajarudi, Mungu amrehemu. Siku aliyorudi, alitoa ile picha kwenye pochi, imechakaa, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mistari ya mikunjo imekuwa myeupe. Mmoja ulimpita Hooyo kifuani, mwingine ulimkata shingo kaka yake Abdullahi. Nikajitafuta. Uso wangu haukuguswa na mkunjo hata mmoja. Kila alipoikunja, miaka yote ile, aliikwepa sura yangu. Nilikwenda jikoni kuchemsha chai, nikalia huko mpaka maziwa yakafurika.

Sasa nawe, mwanangu, Idi iliyopita ulitupanga mbele ya geti jua likiwa kali vilevile. Nilikuomba ungoje alasiri ukuta utupe kivuli, ukanijibu kwamba simu yako ina kila kitu. Kivuli haina. Tumetoka na meno nje na macho yamefumbwa. Hayo nimeyacheka, yamekwisha. Lakini nimezipitia picha zote, na mama yako hayumo hata kwenye moja, kwa kuwa alikuwa jikoni akitazama wali. Hilo sikulicheka.

Basi shika haya. Usimtie mzee juani ili upate picha nzuri. Tafuta kivuli, au subiri jua lishuke. Kabla hujabonyeza, jiulize ni nani aliyejitoa ili wengine wakae vizuri, umwite kwa jina lake. Na siku ambayo mwenye kushika shuka ni wewe, usingoje kuonewa huruma, maana si kila nyumba ina Hooyo. Sema. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mwenyezi Mungu ayalinde macho yako, akupe nyumba yenye kivuli na watu wa kukaa humo. Na mikono yako ikichoka, akuletee mtu wa kukwambia: mpe dereva hilo shuka, binti yangu, uje usimame nasi. Amin.