Bibi Aliyesoma Mawe ya Waturuki

Juzi nilirudi Tensta, mtaa wa Uswidi nilikokulia, na kikaratasi mfukoni. Tulikikuta ndani ya msahafu wa Bibi baada ya kumzika, na Baba akakumbuka Bibi aliwahi kumwambia, "Humo mna maneno ya jiwe langu." Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa mbio usio na irabu. Baba alijaribu, akakwama kwenye neno la pili, akasingizia miwani. Mchongaji wa jiwe la kaburi alikuwa akisubiri. Mimi na shahada yangu nilikigeuza juu chini, chini juu, wapi! Basi nikaenda kwa jirani yetu wa zamani, yule mama wa Kituruki wa ghorofa ya tatu.

Ngoja nianzie mbali kidogo, la sivyo hutaona kichekesho kiko wapi.

Bibi alitujia kutoka Mombasa nikiwa na miaka minane. Nikimjibu Kiswidi, alijifanya kiziwi mpaka nirudie Kiswahili. Alipelekwa darasa la lugha la watu wazima, mwalimu akampa karatasi ya kusoma, naye akaitazama na kuirudisha kwa adabu, kwa kuwa herufi za kizungu hakuzijua. Ikaja barua nyumbani: hajui kusoma wala kuandika. Mimi ndiye niliyemtafsiria, na mpaka leo najuta.

"Mimi! Niliyewaandikia barua nusu ya mtaa, waume zao wakiwa Uarabuni! Ati mimi sijui kusoma!"

Kila aliyeingia nyumbani alihadithiwa upya, akina mama wa Kirundi, yule baba wa Kikongo, hata fundi wa mabomba aliyekuja kuzibua sinki. Kwa fundi nilitafsiri mimi, naye maskini akaomba radhi kwa niaba ya Uswidi nzima.

Sasa, jengo letu lilikuwa na chumba cha kufulia, kila nyumba na zamu yake, na Uswidi mtu akikuibia zamu ya kufua ni vita. Siku moja tukamkuta yule jirani wa Kituruki kwenye zamu yetu. Bibi alikwishajifunga leso kiunoni. Lakini yule mama alikuwa ameketi juu ya kapu la nguo, mashine zinanguruma, yeye kakodolea macho karatasi kubwa iliyojaa masizi. Kila kiangazi alikwenda kwao, akatandika karatasi juu ya mawe ya makaburi ya zama za masultani na kuyasugua kwa mkaa mpaka michoro na maandishi yatokeze. Mawe yale yalikuwa yakivunjika na kupotea, naye alitaka kuyahifadhi kabla hayajaisha. Tatizo ni kwamba Waturuki waliziacha herufi za Kiarabu zamani, na jiwe moja lilimchukua wiki nzima na kamusi.

Bibi akainama, ugomvi ukamtoka kichwani, akaanza kusoma kwa sauti. Hakuelewa hata neno. Aliyeelewa ni jirani, akashika mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtiririka.

Tangu hapo kila Jumanne nikitoka shule tulikuwa jikoni kwake. Bibi alisoma asichokielewa, jirani akaelewa asichoweza kukisoma, akimnyoosha pale irabu zilipopinda, na mimi nikaandika katikati kwa Kiswidi. Mahamri ya Bibi yalinukia iliki mpaka ghorofa ya chini, chai ya jirani ilikuja kwenye vigilasi vidogo vya kuunguza vidole. Jirani alitueleza kuwa jiwe la mwanamume huchongwa kilemba au tarbushi, nawe ukijua namna ya kilemba unajua kazi yake. Ya wanawake yana maua, na wako wanaosema waridi moja ni mtoto mmoja.

"Tisa?" Bibi akajihesabia watoto wake. "Mimi basi wanichongee shamba."

Kazi haikwenda. Karibu kila jiwe humalizia kwa kumwomba apitaye Fatiha, na Bibi hakukubali kufungua karatasi nyingine kabla marehemu hajapewa haki yake. Jirani akijaribu kuruka, Bibi aliikalia karatasi. Kuikalia kabisa! Na Bibi hakuwa mwepesi.

Mwishowe zile karatasi za mkaa zikatundikwa maktaba, na chini yake kibandiko: limesomwa na fulani, jina kamili la Bibi. Mwalimu wake wa Kiswidi naye akaja. Bibi akamshika mkono, akampeleka mbele ya jiwe.

"Haya, soma."

Mwalimu akatabasamu, akatikisa kichwa.

"Basi na wewe uandikwe hujui," akamnyooshea kidole.

Nikatafsiri, "Bibi anasema karibu kahawa." Lakini kile kidole hakikuhitaji mkalimani. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, akaahidi kurekebisha faili. Sijui kama alirekebisha.

Juzi chumba cha kufulia nilikikuta kimebadilishwa mlango, ngazi hazinukii iliki, na jirani amekuwa mzee. Nilimpa kikaratasi. Akaanza kuunganisha herufi polepole, kama Bibi alivyomfundisha Jumanne zile, akisoma lugha asiyoijua, na mimi nikimnyoosha irabu. Jina. Binti fulani. Halafu: "Msomaji." Jirani hakujua anasoma nini, akaendelea tu:

"Wewe upitaye, kama umesoma haya mwenyewe, nisomee Fatiha. Kama umesomewa na mtu, nisomee, kisha ukajifunze, mvivu we."

Nililia na kucheka kwa pamoja, mpaka jirani akaniletea maji. "Amesema nini?" akauliza, nami nikamtafsiria.

Tulisoma Fatiha kwanza, hapo hapana mjadala. Kisha nikamwomba kalamu, nikamwambia anianzishie alifu.