Kati ya Shangazi na Forodha: sarafu ya Svetozar

Ni Jumapili, saa moja asubuhi, na upepo wa košava umefika sokoni Pančevo, karibu na Belgrade, kabla ya wauzaji. Svetozar Krnjaić anatandaza kitambaa cheusi juu ya meza ya bati, anakibana pembeni kwa sumaku, kisha anapanga sarafu zake safu kwa safu. Anazishika kwa ukingo tu, hata zile ambazo hakuna anayezitaka.

"Sveta, leo upepo utakuuzia zote!" anapaza sauti Gvozden wa meza ya jirani. "Utazikuta Romania!"

"Zikifika huko angalau zitapata bei," anajibu Svetozar bila kuinua kichwa.

Ana miaka hamsini na tisa. Alifanya kazi katika kiwanda cha chupa hadi kilipofungwa, na tangu hapo anaishi kwa kuuza sarafu za zamani. Jumapili nzuri humwachia dinari elfu sita, kama euro hamsini. Mbaya hailipi hata ushuru wa meza. Kila majira ya baridi magoti yake huvimba, na daktari amemkataza kusimama kwenye upepo.

"Nikamuuliza, daktari, kwani unajua mahali penye kibanda?" anasimulia. "Akaniandikia dawa ya kuchua."

Kibanda kilikuwapo. Novemba iliyopita uongozi wa soko ulitangaza kimoja ndani ya jengo, chenye mlango, kufuli na umeme wa kutosha kuwasha hita. Mpangaji alitakiwa kuweka amana ya euro elfu mbili kabla ya Machi kwisha. Svetozar hakuwa na pesa hizo. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kuzileta, nacho kilikuwa cha ukoo: sarafu ya fedha ya dinari tano, ya mwaka 1879.

Sarafu ya namna hiyo haiuzwi siku hizi kwa maneno ya muuzaji. Mnunuzi wa bei kubwa hutaka kwanza ipelekwe kwenye kampuni ya wapimaji, ithibitishwe kuwa ni halisi, ipewe daraja kati ya moja na sabini, kisha ifungwe kabisa ndani ya kasha la plastiki angavu lenye lebo. Kampuni ni nyingi. Kwenye meza za Pančevo zinazotajwa ni mbili, na wauzaji wamezipa majina yao wenyewe.

Ya kwanza iko Belgrade. Wanaiita Shangazi, kwa sababu machoni pake kila mtoto ni mzuri. Bei yake ni ndogo na jibu hutoka ndani ya wiki. Ya pili iko ng'ambo. Hutoza ghali, hukaa na sarafu miezi mitatu, na kasoro haipiti. Hiyo wanaiita Forodha.

"Namba ya Shangazi haiaminiwi na mtu yeyote isipokuwa asiyejua," anasema Svetozar. "Kwa hiyo ukiwa na kasha lake, unakaa unamsubiri asiyejua. Anakuja Agosti kutoka Vienna, likizo, ana watoto na pesa mfukoni. Mimi hapa kazi yangu imekuwa kuwaambia watu wasiyaguse hayo makasha."

Tatizo la sarafu ya akina Krnjaić lilijulikana nyumbani miaka mingi. Dada yake mkubwa, Vidosava, mwenye miaka sitini na sita, ndiye anayeitunza. Kila mkesha wa Krismasi ya Waorthodoksi, Januari sita, huitia ndani ya unga wa česnica, mkate unaomegwa na wote mezani siku ya pili yake. Anayeikuta kwenye kipande chake hutarajia mwaka mwema, na mkuu wa nyumba huikomboa kwake kwa pesa kidogo ili isitoke nyumbani. Kabla ya kuitia, Vidosava huisugua kwa magadi ya kuokea na kitambaa cha sufu mpaka ing'ae. Mama yao alitumia majivu.

"Inaingia kwenye unga, watoto wanakula," anasema Vidosava. "Niitie na uchafu wa miaka mia?"

Ndugu hao wamebishana juu ya jambo hilo tangu mama yao alipofariki. Svetozar alimwambia dada yake kwamba ule weusi ni ngozi ya sarafu, na kwamba sarafu iliyochunwa ngozi haina bei.

"Nikamwambia, kwani wewe huna ngozi? Na mbona unaoga?" anakumbuka Vidosava.

Novemba hiyo Svetozar aliiweka chini ya lenzi kwenye meza ya jikoni. Upande wa nyuma ulikuwa na hali nzuri. Upande wa mbele, kwenye shavu la mtawala, aliona mistari myembamba, yote imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Aliitazama sana. Ilikuwa hafifu, na yeye alihitaji iwe hafifu.

Gvozden alimshauri aende kwa Shangazi. "Wewe unajipeleka kwa hakimu na ushahidi mfukoni," alimwambia.

Svetozar alichagua Forodha. "Nilijidanganya kidogo, nikasema labda wataiona ni michubuko ya kawaida," anasema. "Lakini sababu ilikuwa moja. Namba yao ningeiuza nikimtazama mtu machoni."

Krismasi ilifika sarafu ikiwa ng'ambo. Vidosava alitia kwenye mkate sarafu ya kawaida ya dinari ishirini. "Hata unga uliona haya," anasema.

Kasha lilirudi mwishoni mwa Februari. Lebo ilikuwa na nchi, mwaka na thamani. Mahali pa namba palikuwa na neno moja la kigeni.

"Wameandika nini?" aliuliza Vidosava.

"Wameandika imesafishwa."

Vidosava alipiga makofi. "Umeona! Miaka yote unanisema! Watu wamekaa huko na mitambo yao, wakaona wenyewe ni safi!"

Aliichukua, akaenda kuwaonyesha majirani wawili, akanywa kahawa kwa kila mmoja. Svetozar hakumfuata.

Wiki hiyohiyo mkusanyaji wa sarafu kutoka Novi Sad alikuja nyumbani kwao. Alisoma lebo, akatoa bei yake: euro mia moja na ishirini. Vidosava alidhani amesikia vibaya. Mgeni akamweleza kwa upole kwamba kuna mtu aliisugua, tena si mara moja.

"Na ingekuwa chafu?" aliuliza Vidosava.

"Ingekuwa chafu, mama, ningekupa elfu mbili na ningekushukuru."

Mgeni alipoondoka, Vidosava alikusanya vikombe, akasimama navyo. "Kwa hiyo kibanda nimekisugua mimi," alisema.

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemshinikiza mdogo wake aende kwa Shangazi. Kasha hupasuka kwa jiliwa, kile chuma cha kubania, na likipasuka lebo haina maana tena. Sarafu inabaki sarafu, na neno linaishia kwenye takataka. Gvozden alikuwa tayari. Aliahidi kutoa euro elfu mbili taslimu siku ambayo sarafu ingeletwa kwake ndani ya kasha la Belgrade lenye namba sitini au zaidi, naye angemsubiri mtu wake wa Agosti.

"Mimi simlazimishi," anasema Gvozden. "Ila kila mtu hapa anafanya. Yeye peke yake ndiye mtakatifu, na ona anavyotetemeka."

Svetozar alilifunga kasha kwenye jiliwa katikati ya Machi. "Nilizungusha mpaka plastiki ikalia," anasema. "Nikalegeza." Kasha lina ufa kwenye kona moja mpaka leo.

Vidosava alikuwa amesimama mlangoni. Alimwambia maneno ambayo Svetozar huyarudia kwa sauti ileile, bila kuongeza kitu: "Unaacha kwa ajili ya mtu wa Vienna usiyemjua. Mimi dada yako unanijua."

Machi ilikwisha. Kibanda kimechukuliwa na muuza vifuniko vya simu. Kwa wiki mbili ndugu hao walizungumza habari za chumvi na kuni tu.

Leo, kwa mara ya kwanza, Vidosava amekuja sokoni. Ameleta burek, mkate wa matabaka wenye nyama ndani, na chupa ya kahawa ya moto, na amekaa juu ya kreti nyuma ya meza. Kasha limewekwa katikati ya kitambaa, lebo juu, bei euro mia moja na hamsini.

Karibu na saa nne anafika mteja kutoka Vršac, mtu wa koti la kijani. Anachagua sarafu sita za fedha na kuzitenga pembeni. Kwa meza hii, hayo ni mauzo ya mwezi. Kisha anainua kasha, anasoma, analisogeza kwenye mwanga.

"Nani kaifanyia unyama huu?"

Vidosava ameshika kikombe. Anafungua mdomo.

"Mimi," anasema Svetozar.

"Wewe? Muuza sarafu?"

"Nilikuwa sijui."

Mteja anamtazama, kisha anazitazama zile sita upya. Anatoa lenzi yake. Anazirudisha moja moja kwenye safu zake. "Basi na hizi sijui umezifanyia nini, jirani," anasema, na anakwenda zake.

Kwenye meza ya jirani Gvozden anapangua na kupanga stempu anazouza.

Vidosava anamimina kahawa, anaiweka mbele ya mdogo wake. "Mjinga wewe," anasema taratibu.

Svetozar anasema vuli ijayo kutatangazwa kibanda kingine, upande wa wauza samaki, na ataomba. Amana ni ileile. Anapanga kuiweka kidogo kidogo kutoka kwenye meza, Jumapili kwa Jumapili, ikiwa wateja wataendelea kumwamini. Duru ya wakusanyaji ni ndogo, na aliyosema asubuhi hii yatafika Vršac kabla ya chakula cha mchana. Anamwomba mwandishi wa habari hii asiyaandike gazetini.

"Aandike," anasema Vidosava. "Aandike kwamba nilisugua mimi, Vidosava Krnjaić, kwa magadi, na huyu alinikataza. Na yule wa koti la kijani asome."