Rangi Chini ya Bolti

Sikuwahi kumwamini mwenyekiti wa kijiji chetu, hata alipoitikia shikamoo yangu kwa tabasamu. Mpwa wake alikuwa amerudi kutoka Kilosa na leseni ya udereva, na kijiji chetu cha ujamaa, kando ya barabara ya Mikumi, kilikuwa na lori moja tu. Dereva nilikuwa mimi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sabasaba ilikaribia, tukaamriwa kupaka rangi mali yote ya umma: milango ya ghala, mawe ya njiani, na lori. Vijana walilipaka kijani cha chama mpaka chini ya boneti, mpwa akiwa mstari wa mbele.

Kesho yake tulikuwa tupeleke pamba stesheni ya Kilosa. Nikazungusha ufunguo. Starta ikagonga ta! mara moja, kisha kimya.

"Tulisukume," mtu mmoja alisema.

"Likizimika porini katikati ya tembo, nani atashuka kusukuma?" mwenyekiti akajibu, kisha akanigeukia mbele ya watu wote. "Ndugu Dereva, juzi lilikuwa linawaka. Hii ni hujuma."

Miaka ile neno hilo lilimtoa mtu kazini, na pengine lilimfikisha polisi.

Nikatoa taa yangu ya kupimia, balbu ya indiketa niliyoiunga nyaya mbili. Mpwa nikamkalisha kwenye ufunguo, nimwone. Taa kubwa za lori ziliwaka kali, kwa hiyo betri ilikuwa nzima. Nikagusisha waya mmoja kwenye starta na mwingine kwenye hasi ya betri. Mpwa akazungusha, balbu ikawaka: umeme ulikuwa unafika. Nikauhamishia ule waya wa kwanza kwenye chuma cha injini. Hapo balbu ilitakiwa ibaki giza. Ikawaka tena. Umeme ulikuwa unaingia, lakini haupati njia ya kurudi.

Nikaufuata waya wa athi, unaofunga injini kwenye chesisi, nikafungua bolti yake. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani, nene kama utando wa uji, na rangi haipitishi umeme. Mtu aliifungua bolti, akapaka, akaifunga tena. Kwa bidii au kwa kusudi, mpaka leo sijui, ila moyoni nina mtu ninayemshuku.

Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Mpwa akazungusha ufunguo, lori likanguruma. Nikanyoosha kiganja chenye maganda ya rangi ili watu waone.

Mwenyekiti hata hakuyatazama. "Mmeona, ndugu zangu?" alisema. "Akibanwa kidogo tu, gari linapona."

Watu wakampigia mpwa makofi, maana ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Hakushuka tena.