Folda ya Mama Sifa

Cheka ukitaka. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa Kasongo, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Nafanya kazi katika redio ndogo. Jioni ile tuliletewa habari kwamba daraja la njia ya Kabambare limevunjika katikati. Watu wa pikipiki wangeingia shimoni gizani bila kujua. Siku zile kila tangazo lilirekodiwa kwanza, na seva yetu, mashine ya chumba cha nyuma inayotunza sauti zote, ilikuwa imejaa pomoni, hata tangazo moja haliingii.

Iliyoijaza ni folda ya Mama Sifa, msomaji wetu wa matangazo, tuliyemzika juma lile lile. Kwetu vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaondolewe. Sisi, kwa haraka zetu, tulikuwa tumeshafuta jina lake kwenye seva. Faili zikabaki bila mwenyewe.

Nikaketi kwenye kompyuta yangu ya Linux, nikaamuru zifutwe. Ruhusa imekataliwa. Nikaingia kama mkubwa wa mashine, mwenye ruhusa zote. Imekataliwa. Nikabadilisha ruhusa za kila faili. Wapi. Niamini, mimi si mtu wa kushindwa na folda. Nikajifunga kibwebwe, nikaanza upya.

Nikasikia kiti kikivutwa nyuma yangu. Mama Sifa alikuwa ameketi pale, kitenge kikavu, na nje mvua inamwagika. Ungefanya nini wewe? Niliogopa, lakini sikuondoka.

"Matanga haiyaisha," akasema, "na weye uko unatupa vitu yangu?"

"Unisamehe, Mama. Daraja imevunjika. Watu ya moto, hizi pikipiki, watakufa usiku huu."

Akanionyesha kompyuta kwa kidole. "Basi unasumbuka bure. Ukitaka kutoa chungu mu nyumba, hauombe chungu ruhusa. Omba mwenye nyumba. Na uende kwake, usipige kelele toka inje."

Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu.

Folda ndiyo nyumba. Ruhusa ya kufuta hutoka kwenye folda, si kwenye faili. Na ukubwa wangu uliishia kwenye kompyuta yangu. Kwenye seva, kupitia mtandao, nilihesabiwa mgeni tu. Nikakimbilia chumba cha nyuma, nikaingia kwenye seva yenyewe, nikaandika folda ile kuwa yangu. Nikarudi, nikasema, "Mama, niruhusu," nikafuta. Zote zikaondoka. Nililia, sikufichi. Kisha nikarekodi tangazo, likaenda hewani.

Hakuna aliyeanguka. Asubuhi alikuja dereva mmoja wa pikipiki, mtu wa upande wa Wamaza nisiyemjua.

"Nilikuwa karibu kufika pa daraja, redio iko mu mufuko," akasema. "Ile mama alisoma muzuri. Alinitaja mpaka jina."

Sauti niliyorekodi ni yangu, mimi mwanaume, na sikumtaja mtu yeyote.

Hadi leo sikipi kiti kile mgongo. Nawe unayetunza mashine za watu, mtu akifa, jina lake liache mpaka matanga yaishe. Na ukinyimwa ruhusa usilazimishe: nenda kwenye seva yenyewe, tazama folda ni ya nani, na ubishe hodi.