Maji ya Tangi Yaliyozima Figo Zangu

Leo asubuhi nimekojoa mara mbili, na mara zote mbili nimemshukuru Mungu kwa sauti. Anayetaka kunicheka na anicheke. Akimaliza kusoma haya hatacheka tena.

Jina langu ni Twaha. Wengi Mombasa wananijua kama Fundi Twaha wa vifaa vya kuokolea. Nimezaliwa Mji wa Kale, katika nyumba ambayo ukipanda juu ya paa unaiona Ngome ya Yesu. Marehemu baba alikuwa akisukuma mkokoteni Shimanzi. Hakuniachia nyumba wala duka. Kila nilicho nacho nimekitafuta mwenyewe. Nilikwenda Ghuba nikiwa mfagiaji wa karakana, nikarudi baada ya miaka kumi na moja na diploma ya usalama wa vyombo vya baharini. Nimeitia fremu, ipo ukutani karakanani kwangu, palepale Shimanzi baba alipokuwa akisukuma mizigo. Wanaoweza kufungua boya la kuokolea, ile mashua ya mpira inayojijaza upepo chombo kikizama, wakalikagua na kulikunja likarudi vilevile katika mkebe wake, ni wachache kisiwani humu, na mimi nawashinda. Sijisifu. Waulizeni wenyewe.

Nilikuwa mzima wa afya. Sikuwa na sukari wala presha. Hospitali nilikuwa nikienda kutazama wagonjwa tu.

Mwezi wa pili mwaka uliopita, mwenye yoti mmoja alinipa kazi ya kumpelekea chombo chake Ngazija. Ni safari ya siku tano kwa tanga, upepo wa kaskazi ukiwa mgongoni. Nilimchukua Kazungu, baharia wa Kisauni anayenizidi miaka kumi na ambaye hajapata kukanyaga chuo. Tulikuwa wawili tu.

Maandalizi niliyoyafanya ningeweza kuyafundisha darasani. Jaketi za kuokolea nilizijaza upepo nikaziacha usiku kucha nione kama zitapungua. Mishipi ya kujifunga sitahani niliivuta kwa uzito wangu wote. Fataki za ishara nilizisoma moja moja. Kile kifaa cha kuita msaada, kinachotuma ishara kwa setilaiti, nilikijaribu nikaona taa yake ikiwaka. Boya nililikagua na kulifunga kwa lakiri yangu mwenyewe, yenye sahihi yangu. Kila kitu nilitia alama katika orodha.

Yakabaki maji. Tangi la yoti lilichukua lita mia mbili. Watu wawili, siku tano, lita tano kila mtu kwa siku, jumla hamsini. Niliongeza hamsini nyingine za dharura, na bado zikabaki mia.

"Kazungu, jaza tangi mpaka juu," nilimwambia tukiwa bandarini Mji wa Kale, mimi nikiwa nimeinamia karatasi zangu.

Baadaye kidogo akaniambia, "Limejaa pomoni, fundi."

Nikatia alama. Sikuinuka kutazama, na sikuonja.

Siku ya kuondoka, mke wangu Rukia alikuja gatini na mkokoteni. Ndani yake mlikuwa na madumu mawili ya lita ishirini, amefunga midomo yake kwa nailoni.

"Baba Nasra, nimekuletea maji ya kunywa."

"Mama Nasra, hii si jahazi la babu yako. Tangi lina lita mia mbili. Madumu haya yakiteleza sitahani yatamvunja mtu mguu."

"Chukua moja basi."

"Hata moja."

Kazungu akacheka. "Shemeji, mumeo amesoma. Waliosoma hawanywi kwenye dumu."

Watu wote gatini walicheka, na mimi nikacheka nao. Rukia hakucheka. Aliyarudisha madumu yake nyumbani.

Jua la mwezi wa pili baharini halina huruma. Kule Ghuba tulizoea kutia unga wa machungwa katika maji ya kunywa ili mtu asichoke na joto. Nilikuwa nimebeba makopo mawili. Kila asubuhi nilifungua bomba la jikoni, nikajaza chupa yangu kubwa, nikatia unga, nikatikisa, nikanywa. Niliona maji yana uzito fulani ulimini. Nilidhani unga umezidi.

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, tumbo lilianza kunguruma. Nilidhani ni samaki. Kufikia alasiri nilikuwa nimeenda chooni mara sita. Mara ya saba sikuwahi. Kilichotoka hakikuwa choo tena, kilikuwa maji meupe kama ya kuoshea mchele. Kisha nikaanza kutapika. Kila nilipotapika nilisikia kiu, na kila nilipoona kiu nilijaza chupa yangu tena.

Asubuhi ya siku ya tatu sikuweza kusimama wima. Misuli ya miguu ilijikunja yenyewe mpaka nikapiga kelele. Nilijiburura mpaka jikoni, nikaning'inia kwenye sinki, nikafungua bomba. Kazungu alikuwa ngazini akiniangalia.

"Fundi, maji ya kuogea unayafanyia nini?"

"Ya kuogea?"

"Si ya tangi hayo?"

"Nayanywa, Kazungu. Tangu juzi nayanywa."

Alishuka ngazi mbili akasimama. Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukibadilika vile.

"Hayo nimeyavuta kisimani, fundi. Kile kisima cha nyuma ya gati. Kwa mpira."

"Na ya kunywa yako wapi?"

"Si wewe unayejua? Mkeo alileta ya kunywa, ukayakataa. Nikasema huyu ana yake mengine. Nakuona na chupa ya rangi kila siku, najua ni sharubati za dukani. Mimi nanywa yangu niliyotoka nayo nyumbani."

Msomaji asiye wa Mji wa Kale huenda hanielewi, basi nieleze. Kwetu kila nyumba ina maji mawili. Maji ya tangi hutoka kisimani, yana chumvi, ni ya kuoga, kufulia na kumwaga chooni. Visima vyenyewe vinapakana na mashimo ya vyoo, maana mji ni wa zamani na nyumba zimebanana. Maji matamu ya kunywa hununuliwa kwa dumu. Hakuna mtoto asiyelijua hilo, na mimi nililijua kabla sijajua kusoma. Lakini kule Ghuba miaka kumi na moja nilifungua bomba na kunywa, nikasahau nyumba ya mama yangu. Kazungu alifanya ambavyo kila mtu wa kwetu angefanya. Nilimwambia ajaze tangi, akajaza maji ya tangi.

Hapo ndipo woga uliponiingia. Nimeona watu wazima wakililia mama zao katika mafunzo ya moto, mimi nikiwasimamia na saa mkononi. Siku ile nilitazama baharini pande zote nne, sikuona chombo, na mate hayakuwepo mdomoni hata ya kumeza.

"Yamebaki mangapi kwako?" nilimuuliza.

Aliinua kidumu chake kidogo akakitikisa. Hayakufika lita moja na nusu.

Nchi kavu iliyo karibu ilikuwa mwendo wa siku mbili, na upepo ulikuwa umelegea. Kazungu aliyachemsha maji ya tangi kwa gesi. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Nilimeza vijiko vitatu, nikatapika vyote.

"Fundi, tubonyeze kile kifaa."

"Subiri."

"Nisubiri nini?"

Wasomaji nitawaambia ukweli. Niliona haya. Ishara ile ikitoka, jina la aliyekagua vifaa hutazamwa, na aliyekagua ni mimi. Kesho yake mji mzima ungesema Fundi Twaha kaharishwa baharini na maji ya kisima. Nilimwambia kwanza tufungue boya, kwa sababu katika boya mna vifuko vya maji ya dharura, lita sita kwa jumla. Nilimwelekeza nikiwa nimelala ubavu. Alikata lakiri yenye sahihi yangu kwa kisu cha samaki.

Maji yale yalikuwa matamu. Nilipewa nusu kifuko, nikakitapika. Akanipa kwa kifuniko cha chupa, tone baada ya tone, kama anavyolishwa mtoto wa ndege. Kidogo kikakaa. Lakini nilikuwa natoa kuliko nilivyokuwa naingiza. Ngozi ya mkono wangu niliibana, ikabaki imesimama. Macho yalididimia. Sauti ikawa ya mtu mwingine.

Kazungu akaniuliza, "Mara ya mwisho kukojoa lini?"

Nilifikiri. Nikafikiri tena.

"Jana asubuhi."

Alitoka. Aliporudi alikuwa na kile kifaa cha ishara, akakiweka kifuani kwangu.

"Ulinifundisha wewe mwenyewe pale Shimanzi. Ulisema mtu akianza kujiuliza kama wakati wa kubonyeza umefika, basi umeshafika. Sasa utakufa na diploma yako au utabonyeza? Mimi siwezi kwenda kumwambia shemeji kwamba ulikuwa unaona haya."

Kidole changu hakikuwa na nguvu ya kuvunja kizuizi cha plastiki. Alikivunja yeye, nami nikabonyeza. Taa ikawaka.

Saa zilizofuata sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka nikihesabu pumzi zangu. Nakumbuka nikiogopa kufumba macho, nikidhani nikiyafumba sitayafumbua. Nilitamka shahada mara nyingi. Nilimwona binti yangu Nasra amekaa juu ya sinki ananiambia bomba limeharibika. Kazungu, ambaye ni mtu wa kanisa, alinishika mkono akaniombea kwao, na mimi nikaitika amina.

Meli ya mizigo iliyokuwa njiani kuja Mombasa ilitufikia asubuhi ya siku ya nne. Walinivisha jaketi yangu mwenyewe, wakanifunga mshipi wangu mwenyewe, wakanipandisha kwa kamba. Vifaa vyangu vyote vilifanya kazi. Hilo nalisema na nitalisema mpaka nife. Katika chombo kile hakuna kilichoharibika isipokuwa mimi.

Hospitalini daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, alinitundikia dripu mbili kwa pamoja. Kesho yake alikaa kitandani kwangu.

"Maradhi ya tumbo tumeyadhibiti. Lakini figo zako zimekauka muda mrefu. Zimezima."

"Zitawaka?"

"Huenda. Siwezi kukuahidi."

Walinitoboa shingoni wakanitia mrija, wakaniunganisha na mashine ya kusafisha damu. Mara ya kwanza nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Miguu ilivimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Mdomo ulinuka mkojo. Niliruhusiwa vikombe viwili tu vya maji kwa siku, mimi ambaye karibu nife kwa kiu, kwa sababu sasa maji yakiingia hayakuwa na pa kutokea. Kando yangu alilala mzee mmoja aliyekuwa akija kwa mashine ile mwaka wa tano. Kila nilipomtazama niliogopa kuliko nilivyoogopa baharini.

Mama alikuja siku ya tatu. Rukia alimsimulia yote. Akaniuliza taratibu, "Twaha mwanangu, nyumbani kwangu ulikunywa maji ya tangi lini?"

Katika maisha yangu nimefanya mitihani mingi na kuifaulu yote. Huo wa mama nilianguka.

Siku ya kumi na mbili, alfajiri kukipambazuka, nilihisi kitu nilichokuwa nimekisahau. Nilimwita Rukia alete chupa. Nilisimama nimemshika bega, nikangoja, nikatoka jasho. Yakatoka matone, meusi kama chai ya rangi. Muuguzi aliyapima.

"Mililita arobaini," akasema.

Rukia alipiga vigelegele wodini, wagonjwa wakaamka, na yule mzee wa kitanda cha pili akasema, "Mwana kazaliwa?"

"Kazaliwa," nikamjibu, nikalia.

Kesho yake zilikuwa mia mbili, na baada ya wiki mashine iliondolewa. Leo figo zangu zinafanya kazi, ingawa daktari bado ananiita kila baada ya miezi mitatu, na siku mbili kabla ya kwenda sipati usingizi.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru mabaharia wa meli ile, daktari na wauguzi. Namshukuru Rukia, ambaye hajaniambia hata siku moja "nilikwambia". Namshukuru Kazungu, aliyejilaumu mpaka nikamkataza. Kosa lilikuwa la aliyetia alama katika orodha bila kuinuka.

Ewe unayekwenda baharini, nunua jaketi nzuri na boya lililokaguliwa, na ukitaka bora njoo kwangu. Maji usiyatie yote mahali pamoja. Tenga ya kunywa katika madumu, yafunge imara, na nusu yake isiguswe mpaka safari ifike nusu. Ukiharisha na mkojo ukikatika, usingoje wala usione haya, bonyeza. Na anayekujazia maji muulize ameyatoa wapi, kisha onja wewe mwenyewe.

Juzi Kazungu alijaza tangi la chombo kingine, akaniletea kikombe. Kilikuwa na maji meupe, hayana harufu. Nilikiinua juani nikayatazama. Yeye alisimama pale, hakucheka, hakuniharakisha. Nikapiga funda moja, nikalizungusha mdomoni, nikameza.

"Matamu," nikamwambia.

Akanijibu, "Hata hivyo, fundi, madumu ya shemeji yapo sitahani."

Nilikwenda nikayafunga kamba mwenyewe.